Taa ya Nguzo ya Themanini na Nane

Walipomfikia Mzee Globu alikuwa bado na miwani usoni, na hilo ndilo lililomfanya Inspekta asimame mlangoni badala ya kuingia. Jirani alikuwa amesema kwenye simu kwamba mzee ameshikwa na kizunguzungu akaanguka. Lakini mtu akianguka kwa kizunguzungu halali chali amenyooka, miguu pamoja, mikono juu ya tumbo. Tena chini ya kichwa chake palikuwa na koti la kazi limekunjwa vizuri mara mbili, na damu ilikuwa imelilowesha upande mmoja.

Inspekta alimuuliza mjane kama koti lile aliliweka yeye. Mjane akasema hapana, alimkuta hivyo hivyo.

"Basi aliyemuua alimwekea mto," Inspekta akamwambia Koplo kwa sauti ya chini. "Na miwani alimrudishia."

Chumba kilikuwa gereji isiyo na dirisha, nyuma ya nyumba. Gari halikuwahi kulala humo. Kuta tatu zilijaa rafu kutoka chini hadi juu, na kwenye rafu zile zilipangwa taa za zebaki mia mbili na sita, zile taa za zamani zilizokuwa zikiwaka barabarani kwa mwanga wa kibluu kabla hazijang'olewa na kuwekwa hizi mpya. Nyingine zilikuwa kubwa kama boga, za viwandani na za uwanja wa mpira. Nyingine ndogo, umbo la pera. Kila moja ilifungiwa uzi, na kwenye uzi kadi: namba yake, nguzo iliyotoka, siku iliyopandishwa, siku iliyoshushwa, na sababu. Za kuungua aliziandikia "imekufa". Nzima ziliandikwa "imestaafu".

Mzee Globu alikuwa fundi wa taa za barabarani wa manispaa kwa miaka thelathini na mmoja. Ilipoamuliwa kwamba taa za zamani zivunjwe, alikwenda kuziomba moja moja, akawa anazibeba kwa baiskeli akiwa amezifunga kwenye blanketi. Mjane alisema hayo akiwa amekaa kwenye kigoda uani, anafuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Wenzake wakistaafu wanafuga kuku," alisema. "Wangu akafuga taa."

Maelezo yake yalikuwa mafupi. Asubuhi ile mumewe alimwambia kwamba amemwita mtu aje aone kitu kabla yeye hajakipeleka mbele. Mtu gani, kitu gani, mbele wapi, hakusema, na yeye hakuuliza, maana mambo ya taa yalikuwa hayana mwisho. Saa nne alitoka kwenda kumchukulia mumewe dawa za presha. Alipokuwa anafunga mlango wa mbele alisikia mtu anakohoa kwenye lango la nyuma na mumewe anamkaribisha. Hakumwona. Alirudi saa sita kasorobo. Mlango wa gereji ulikuwa umerudishiwa, na chini yake mwanga ulikuwa mkali kuliko alivyouzoea. Akafungua. Juu ya meza ya kazi taa moja ilikuwa inawaka ilhali kioo chake kimevunjika, na mumewe yuko chini.

Alipiga kelele. Mshona nguo wa nyumba ya pili akaja mbio, wakakaa wote wawili wakimwita, wakimpepea, wakimpaka maji. Kiasi cha nusu saa kilipita kabla mshona nguo hajachoshwa na ule mwanga, akainuka akazima swichi.

Daktari wa polisi alikuja, akapiga magoti, akaonyesha kona ya choki iliyokuwa chini ya meza. Choki ni kile kipande kizito cha chuma kinachoipimia taa umeme wake. Bila hicho, taa ya zebaki haiwaki. Kona ilikuwa na damu na unywele mmoja mweupe. Mzee alisukumwa, alisema daktari, au alivutwa akaachiwa ghafla. Kisogo kikaikuta kona. Hakukuwa na pigo jingine.

Hakuna kilichoibwa. Redio ilikuwepo, saa ya mkononi ilikuwepo. Inspekta alizunguka rafu moja baada ya nyingine, akahesabu kadi, akarudi mezani kwenye ile taa iliyovunjika. Uzi wake ulikuwepo. Kadi haikuwepo; uzi ulikuwa umekatika kwa kuvutwa.

Lakini fundi anayeandika mara moja tu si fundi. Kwenye droo Koplo alikuta daftari kubwa, na Inspekta akaoanisha namba zote hadi akaipata iliyokosekana. Ilikuwa namba mia thelathini na moja. *Nguzo ya 88. Globu angavu, haina unga mweupe ndani. Imestaafu. Nimeishusha mwenyewe.* Na tarehe, ya miaka kumi na miwili iliyopita. Si zaidi ya hayo.

"Mtu aue kwa ajili ya kipande cha karatasi," Koplo alisema.

Inspekta akafunga daftari, akalichukua.

Mjane alipoulizwa nani alikuwa na ugomvi na mumewe, alisita, kisha akamtaja Mwalimu. Huyu alikuwa mwalimu wa fizikia aliyestaafu, mtaa wa tatu kutoka pale, naye akikusanya taa. Walikuwa marafiki wa kuambiana siri hadi wiki tatu zilizopita, waliponuniana juu ya taa moja ya kiwandani ambayo kila mmoja alidai ameahidiwa yeye. Tangu hapo hawakusalimiana.

Walimkuta Mwalimu sebuleni anafuta vumbi globu zake kwa kitambaa laini. Alipoambiwa, aliiweka globu mezani taratibu, halafu akakaa sakafuni, si kwenye kiti kilichokuwa karibu yake. Aliulizwa alikuwa wapi saa nne hadi saa sita. Alikuwa nyumbani, peke yake. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa na mchubuko mpya. Alisema ni kioo. Aliulizwa kuhusu ugomvi. Akasema kweli waligombana, na kwamba juzi alikwenda hadi kwenye lango la mwenzake akarudi bila kubisha, kwa kiburi tu.

Nje, Koplo alikuwa ameshatoa pingu.

"Afande, ugomvi upo, jeraha lipo, shahidi hana. Tunangoja nini?"

"Tunangoja asubuhi," Inspekta akajibu, na akarudi ndani kumwambia Mwalimu afike kituoni saa mbili.

Kesho yake, kabla ya kwenda kituoni, Inspekta alipitia msibani kumuuliza mjane jambo dogo la lango. Hakuweza kumuuliza. Mjane alikuwa amelazwa kwenye chumba chenye mapazia, macho yamevimba kama mtu aliyeumwa na nyuki, kope hazifunguki. Alilalamika kwamba ana mchanga ndani ya macho. Kitanda cha pili alilala mshona nguo, naye vivyo hivyo, na ngozi ya paji la uso imekuwa nyekundu. Wanawake waliojaa sebuleni walisema ni kilio, na mshona nguo wakamsifu kwa mapenzi.

Inspekta alikaa nao kidogo. Dada wa marehemu alikuwa pale, aliyefika jana alasiri, na ndiye aliyelia kuwashinda wote. Sauti ilikuwa imemkauka kabisa. Macho yake yalikuwa maangavu.

Kituoni alimkuta Mwalimu kwenye benchi tangu saa moja. Hakumpeleka chumba cha mahojiano. Alimvuta hadi dirishani, akamwelekeza uso kwenye jua, akamtazama macho, moja, kisha la pili. Halafu akamwuliza taa ya zebaki ikivunjika kioo hutokea nini.

Mwalimu alijibu kama aliye mbele ya ubao. Taa ile ina vioo viwili. Ndani kuna kimrija kidogo, ndicho chenye zebaki, ndicho kinachowaka hasa. Globu ya nje ni nguo yake tu, lakini ndiyo kinga ya watu. Globu ikivunjika, na kwa kudra ya Mungu kimrija kikabaki kizima, taa haizimiki.

"Inaendelea kuwaka, na mwanga wake unachoma macho kama moto wa fundi wa kuchomelea vyuma," alisema. "Ubaya wake ni kwamba huhisi kitu saa ile. Unakwenda zako, unakula, unaongea. Saa sita baadaye unatafuta nani kakutia mchanga machoni."

"Robo saa inatosha?"

"Robo saa ni nyingi."

Inspekta akamwambia aende nyumbani, na kwamba mjane angefurahi kumwona msibani. Mwalimu alisimama akatazama pingu kwenye mkanda wa Koplo, akaondoka bila kuaga.

Koplo hakuwa na furaha. Ilibidi aelezwe. Aliyemsukuma Mzee Globu hakukimbia pale pale. Alimtafutia koti, akalikunja, akamnyanyua kichwa, akamvalisha miwani, akamnyoosha miguu. Yote hayo aliyafanya chini ya taa iliyovuliwa nguo. Popote alipo leo, alisema Inspekta, yuko gizani, na amekwenda kutafuta dawa.

Waligawana vituo vya afya na zahanati zote za upande ule. Wa kwanza kupatikana alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, macho yamefura kweli kweli. Lakini jana nzima alikuwa juu ya paa la shule, na walimu wawili wangeapa. Saa saba Koplo alipiga simu kutoka zahanati ya mwisho kwenye orodha yake. Mzee wa miaka sabini na ushee alikuja alfajiri akiongozwa na mjukuu wake mtu mzima. Alimwambia tabibu kwamba alimkodolea macho fundi wa kuchomelea. Mjukuu alishangaa, akasema mtaani kwao hakuna fundi wa namna hiyo. Viganja vya mzee vilikuwa na michubuko midogo ya kioo. Kwenye kitabu cha wagonjwa, penye kazi, waliandika: mlinzi mstaafu.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, safi, na nguo zimeanikwa. Mjukuu aliwakaribisha kwa wasiwasi. Mzee alikuwa amekaa kitandani, mgongo ukutani, pamba mbili zimebandikwa machoni kwa plasta. Mtaani walimwita Filimbi, maana katika miaka yake yote ya ulinzi filimbi haikumtoka shingoni.

"Shikamoo, mzee," Inspekta alisema.

Mzee alitega sikio. Aligeuza kichwa upande wa sauti.

"Marahaba," akasema hatimaye. "Sauti hii naijua. Ulikuwa konstebo."

Inspekta alimtazama vizuri. Alizipunguza nywele zile mvi kwa akili, akamtoa pamba, akampa miaka kumi na miwili nyuma, na akamjua. Alikuwa mlinzi wa bohari la kule njia panda. Alikuwa shahidi katika kesi ya kwanza ya mauaji aliyoishika Inspekta: mtunza stoo wa bohari aliyechomwa kisu saa mbili za usiku, na kijana fundi pikipiki aliyefungwa maisha.

Alimwambia Koplo atoe kalamu. Akamsomea mzee haki zake, kwamba halazimiki kusema. Mzee akasema amenyamaza vya kutosha.

Alieleza kwa mpangilio, kama mtu aliyeirudia hadithi kutwa nzima moyoni. Juma lililopita alipata ujumbe kutoka kwa Mzee Globu, ambaye hawakujuana. Gazetini palikuwa na habari kwamba fundi pikipiki amekataliwa rufaa yake ya mwisho, na habari hiyo ilirudia ushahidi wa mlinzi: kwamba alimwona muuaji waziwazi amevaa shati jekundu, akipita chini ya taa ya nguzo ya themanini na nane. Mzee Globu aliisoma mara mbili. Taa ile aliipandisha yeye, akaishusha yeye baada ya mauaji yale, na alikuwa nayo kwenye rafu. Akamwomba mlinzi aje waongee kiume, kabla hajaandika kwa wakili wa kijana.

"Akaniwashia," alisema Filimbi. "Inachelewa kukolea ile taa, tukangoja kama dakika tano. Akanipa vitambaa viwili nivishike. Cha bluu kikabaki cha bluu. Chekundu kikawa cheusi kama tako la sufuria. Akaniambia, kaka, taa hii haina wekundu ndani yake, chini yake hakuna mtu aliyewahi kuona kitu chekundu tangu iumbwe. Sasa niambie, usiku ule uliona nini?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia niliona shati la bluu."

Inspekta akasogeza kiti mbele. Alimkumbusha mzee kwamba mahakamani, mbele ya jaji, akiwa ameapa, alisema jekundu.

"Nilisema jekundu."

"Kwa nini?"

 Mjukuu aliyekuwa amesimama mlangoni alisogea akaweka mkono begani mwa babu yake.

"Kwa sababu wewe uliniambia jekundu, mwanangu," mzee alisema. Hakusema kwa hasira. "Ulinikuta nimekaa kwenye ngazi za bohari, natetemeka. Ukaniuliza alivaa nini. Nikakwambia bluu. Ukasema, mzee, tumeshamkamata mmoja hapa karibu, ana shati jekundu lina damu, hebu fikiria vizuri, taa zile zinadanganya macho. Nikafikiri. Wewe umesoma, una magwanda, mimi mlinzi. Nikasema basi litakuwa hilo. Ukaandika."

Kalamu ya Koplo ilisimama.

"Andika," Inspekta akasema.

"Afande..."

"Andika kama alivyosema."

Yaliyobaki mzee aliyasema kwa haraka. Mzee Globu alifurahi, akasema kesho waende wote kwa wakili. Filimbi akamwomba amwache; ana miaka sabini na tatu, amekula kiapo cha uongo, atafia jela. Mzee Globu akasema kuna mwingine anayefia jela. Filimbi aliikamata kadi, mwenzake akamshika mkono, wakavutana kama watoto. Kiwiko kikagonga globu, ikapasuka. Filimbi akamsukuma ajinasue. Akasikia mlio wa kisogo kwenye chuma.

Hakujua kwamba amekufa. Alimwita, akamwekea koti, akamtafutia miwani chini ya meza, akamvalisha akidhani akizinduka ataihitaji. Alipotambua kwamba haamki tena, alitoka kwa lango la nyuma. Kadi ilikuwa chini ya godoro. Mjukuu aliinama mwenyewe akaitoa, akampa Koplo.

Walimpeleka mzee kituoni kwa utaratibu, akiongozwa kwa mkono. Muuaji wa Mzee Globu alikuwa amepatikana ndani ya saa thelathini. Askari wa zamu alimpongeza Inspekta. Inspekta alimpita, akateremka moja kwa moja hadi stoo ya vielelezo, akaomba jalada la mauaji ya bohari na kielelezo namba mbili.

Alasiri hiyo watu watatu waliingia kwenye gereji ya marehemu: Inspekta, Koplo, na Mwalimu, aliyekuwa msibani tangu adhuhuri na aliyeombwa awasaidie. Mwalimu alichagua globu angavu ya aina ile ile, nzima, akaifunga kwenye soketi, akawasha. Kwanza ilitoa mwanga hafifu wa zambarau.  Dakika zilipita, mwanga ukapanda, ukawa mweupe wa kibluu, na nyuso zao zikawa kama za watu waliozama majini.

Inspekta alipasua lakiri ya bahasha, akatoa shati.

Kwenye mwanga wa jua, pale mlangoni, lilikuwa jekundu la kupiga kelele. Mezani, chini ya taa, lilizimika mikononi mwake. Likawa la kahawia iliyoungua, halafu hata kahawia haikuonekana. Lilikuwa jeusi, na doa la damu lilipotelea ndani ya weusi ule. Alilisogeza mbali na taa, akalirudisha. Akalizungusha. Akatoka nalo hadi uani, likawa jekundu. Akaingia nalo, likafa.

Alifanya hivyo mara nne. Mara ya tano Koplo alimshika mkono.

"Inatosha, Afande."

Mwalimu, ambaye hakujua kesi yoyote, aliuliza kama amekosea aina ya taa. Inspekta alimwambia hajakosea kitu. Kisha akakaa juu ya sanduku la mbao, shati mapajani.

Kwenye jalada, maelezo ya mlinzi yalikuwa yamepigwa chapa kurasa mbili, safi, bila kosa: *shati jekundu*. Kuhusu damu ya shati, kijana alikuwa ameeleza kwamba ni yake mwenyewe, alijikata kazini, na hakuna aliyeipima. Nyuma kabisa, katika bahasha ya kahawia ambayo hakuna wakili aliyeifungua, kulikuwa na daftari dogo la mfukoni la konstebo. Mwandiko ulikuwa wake, ule wa miaka ile, wa kuviringa. Ukurasa wa tisa, mstari wa tatu, aliandika *shati la bluu*. Neno *bluu* lilikatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, wa rula. Juu yake, kwa wino ule ule: *jekundu*.

Hakukumbuka kukata. Hakukumbuka hata rula. Alikumbuka ngazi za bohari, na kwamba alikuwa na furaha, maana mtuhumiwa alikuwa ameshapatikana kabla ya saa nne.

Alilibeba daftari hadi kwa Mkuu wa kituo akaliweka mezani limefunguliwa. Mkuu alisoma, akavua miwani, akasoma tena. Alisema mambo mengi kwa upole. Kwamba mlinzi ni muuaji, na neno lake halina uzito. Kwamba daftari lile halikuwa kielelezo. Kwamba konstebo wa miezi mitano hukosea, na kesi ilipita kwa mwendesha mashtaka, kwa jaji, kwa majaji wa rufaa, wote wakaridhika. Kwamba Inspekta ni askari mzuri, na kituo hakina wengi.

Inspekta alisikiliza hadi mwisho. Aliomba jalada la Mzee Globu apewe mwingine. Akaomba Koplo amwandike maelezo kama shahidi, saa ile ile, kabla ya kumaliza zamu. Walikaa katika chumba cha mahojiano, yeye akiwa upande ambao hajawahi kukaa, na Koplo aliandika kurasa sita bila kuinua uso. Alipomaliza alimsomea. Mahali pamoja alikuwa ameandika "alikosea". Inspekta akamwambia hakusema alikosea, alisema alibadilisha. Koplo akakata, akaandika tena, na wote wawili wakatia saini pembeni.

Nakala ya kwanza ilikwenda kwa wakili wa fundi pikipiki. Mkuu alimkataza Inspekta kwenda gerezani. Halikuwa jukumu lake na lilikuwa kinyume cha taratibu. Alikwenda asubuhi iliyofuata, amevaa nguo za kiraia, pamoja na wakili, na hakuna aliyemzuia.

Walimleta saa tatu. Alipofungwa alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Sasa nywele za kando zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe, na jino moja la mbele halikuwepo. Alimjua Inspekta kabla hajakaa. Alishika ukingo wa meza, uso ukamwishia damu, akabaki amesimama.

"Mama yangu amekufa," alisema.

Wakili akamwambia hapana, mama yake mzima, alimwona jana jioni. Ndipo akakaa.

Inspekta alimweleza yote mwenyewe. Alimweleza kuhusu fundi wa taa aliyekuwa akikusanya globu kuukuu, kuhusu vitambaa viwili, kuhusu mlinzi, kuhusu daftari na mstari wa rula. Hakuongeza kujitetea na hakuomba msamaha, kwa kuwa wakili alikuwa amemwambia ombi hilo lisiwe mzigo mwingine kwa mtu huyu. Wakili aliongeza kwamba maombi ya kufungua upya kesi yatapelekwa mahakamani Jumatatu, na kwamba kwa ushahidi huu haoni jaji atakayeyakataa.

Fundi pikipiki aliomba aelezwe tena, tangu mwanzo. Inspekta akaanza tena tangu mwanzo. Safari hii alipofika kwenye neno lililokatwa, kijana aliinua kiganja, akamsimamisha. Alikuwa ameanza kupumua kwa mdomo, kwa nguvu, kama mtu aliyebeba kitu kizito kupanda ngazi, na askari magereza alimletea maji ambayo hakuyanywa.

"Kwa hiyo alisema bluu," alisema. "Usiku ule ule."

"Ndiyo. Usiku ule ule."

"Na huyo wa shati la bluu." Alimtazama Inspekta moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Mlimtafuta?"

"Hapana."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja," Inspekta akasema.